Wito wa Mto na Kidonge cha Usiku

Kila asubuhi, kabla jua la Siphofaneni halijaanza kuchoma, Gcebile Maziya aliwafungulia mbuzi, akateka maji kwenye bomba lililokuwa karibu na barabara ya mashamba ya miwa, kisha akafagia ua mpaka mbele ya zizi. Bibi yake, LaMatsebula, hakupenda kuona nyayo za jana uani. Kazi zilipokwisha, Gcebile alikunywa uji wa mahindi uliochachuliwa, akavaa sare, akamngoja rafiki yake Phetsile langoni ili waende shule pamoja.

Waliishi wawili tu katika boma lile, bibi na mjukuu. Baba yake Gcebile alikuwa mchimbaji migodini ng'ambo ya mpaka, na alirudi nyumbani wakati wa Krismasi. Mama yake alikuwa amefariki zamani, kabla dawa hazijafika katika kliniki ya karibu. Gcebile alizaliwa na virusi vya ukimwi. Jambo hilo hakulisikia kwa watu. Nesi na bibi yake walimketisha alipokuwa na miaka kumi wakamweleza bila kumficha kitu. Tangu hapo alimeza vidonge vyake asubuhi na jioni kama alivyopiga mswaki, bila kusukumwa, na alikua vizuri, mwenye miguu mirefu na sauti kubwa ya kuimba.

Mwaka huo wa 2014, alipotimiza miaka kumi na mitatu, Nesi Shongwe alimpima uzito akatabasamu. Alisema Gcebile sasa alikuwa amefikia dawa ya watu wazima: kidonge kimoja tu kwa siku, chenye mchanganyiko wa dawa tatu ndani yake. Alimwagiza akimeze anapokwenda kulala, tumbo likiwa tupu, na asile chakula chenye mafuta mengi karibu na saa ya kukimeza. Alimwambia pia kwamba dawa mpya huweza kuleta mambo mageni mwilini mwanzoni, na kwamba jambo lolote geni alilete kliniki, asikae nalo nyumbani. Bibi alikuwa amesikia habari ya kidonge kimoja, akafurahi, akatoka nje kuwaeleza wanawake wenzake waliokuwa kwenye benchi. Maneno yaliyofuata yalimkuta nje.

Jioni ile Gcebile alipomwambia habari ya tumbo tupu, bibi aliguna.

"Tumbo tupu? Nesi huyo amelea watoto au amelea makaratasi? Dawa ikikosa chakula cha kutafuna itatafuna utumbo wako. Kaa ule."

Kwa hiyo kila usiku LaMatsebula aliweka mbele ya mjukuu wake sahani iliyojaa: majani ya maboga yaliyopikwa kwa karanga nyingi, au ngozi ya kuku iliyokaangwa mpaka ikaogelea katika mafuta yake. Tonge la mwisho lilipomezwa, kidonge kilifuata. Gcebile hakubishana. Chakula kilikuwa kitamu, naye hakuona madhara ya kumridhisha bibi.

Ndoto zilianza wiki ileile. Hazikuwa kama ndoto alizozoea, ambazo huyeyuka mtu anapofungua macho. Hizi zilikuwa na rangi na harufu. Alijiona akitembea chini ya mto Lusutfu bila kulowa. Nyoka mkubwa alipita kando yake kwa upole, na wanawake waliovaa vitambaa vyekundu walimwita kwa jina lake la nyumbani. Aliamka akitetemeka, kichwa kikimzunguka. Mara moja, akiwa bombani, ardhi iliyumba chini yake, ndoo ikamwagika, akabaki ameshika nguzo mpaka kizunguzungu kikapita. Darasani Mwalimu Simelane alimwamsha tena na tena kwa kugonga dawati lake kwa kidole.

Alimweleza Phetsile peke yake. Phetsile alimweleza kaka yake peke yake, na kabla ya wiki kwisha darasa zima lilikuwa limepata habari. Asubuhi moja mvulana aitwaye Mancoba alipiga magoti mlangoni, akapiga makofi polepole kama watu wanavyomsalimu mganga, akainamisha kichwa.

"Thokoza, mkubwa wetu," alisema. "Tupigie ramli ya mifupa leo. Mtihani wa hesabu wa Ijumaa utatoka sehemu gani? Mimi mwenzako wahenga wangu ni wazembe, hawaniambii kitu."

Darasa liliangua kicheko. Lakini kicheko hicho hakikudumu, kwa sababu katika nchi ya Waswazi mtu anayeota mto na nyoka hachekwi kwa muda mrefu. Huenda kweli ameitwa na wahenga awe mganga. Mzaha ukageuka kuwa hofu, na hofu ikageuka kuwa heshima. Wasichana wakubwa walimpisha bombani. Mancoba mwenyewe alianza kumbebea mkoba, akidai kwamba anafanya mazoezi tu ya mikono. Na jambo moja lilimgusa Gcebile kuliko yote: hakuna aliyemuuliza tena kwa nini huenda kliniki kila mwezi. Msichana wa kliniki alikuwa amesahauliwa. Mahali pake palikuwa na msichana wa ndoto.

Bibi alipopata habari, hakucheka hata kidogo. Aliketi kwenye mkeka akamsimulia habari za dada yake, Lomasontfo, aliyeota mto akiwa msichana. Wazazi walitaka aolewe, wakakataa kumpeleka kwa mganga kufunzwa. Lomasontfo alianza kuongea peke yake, akaacha kula, akafa kijana. LaMatsebula alikuwa amembeba mgongoni siku zake za mwisho.

"Sitaizika damu yangu mara ya pili kwa ukaidi," alisema. "Walioita wameita. Na anayeitwa hatiwi dawa za kliniki tumboni, zinagombana na wahenga."

Alichukua kopo la vidonge, akalifungia katika sanduku lake la bati, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Asubuhi iliyofuata alimpa Gcebile dawa ya mizizi ya kumtapisha, ili asafike. Alisema kwamba Jumamosi wangevuka mto kwenda kwa mganga LaGamedze, na kama ingethibitika kuwa ni wito, Gcebile angebaki kwake kufunzwa, mwaka mmoja au miwili. Shule ingemngoja.

Gcebile alilia, lakini hakuwa mtoto wa kulia tu. Katika mikutano ya vijana ya kliniki alikuwa amefundishwa kwamba virusi havifi. Dawa huvilaza tu, na anayeacha kumeza huviamsha, tena huvipa nafasi ya kuizoea dawa mpaka isiweze kuvishinda. Kila jioni alipiga magoti mbele ya bibi, akaomba kwa adabu.

"Bibi, naomba kidonge changu."

"Nenda ukalale, mama."

"Naenda, Bibi. Kesho nitaomba tena."

Naye aliomba kila jioni, kwa maneno yaleyale, bila kupandisha sauti. Bibi aligeuza uso. Haikuwa rahisi kwake pia. Gcebile alimwona akishika pindo la kanga kama anayehofia kwamba ufunguo utamkimbia.

Jambo la ajabu lilitokea siku hizo. Ndoto zilianza kufifia. Kufikia Ijumaa Gcebile alilala fofofo na kuamka kichwa kikiwa chepesi. Bibi alisema wahenga wametulia kwa sababu wameona safari inaandaliwa. Gcebile aliliwaza jambo hilo njia nzima ya kwenda shule. Ndoto zilikuja pamoja na kidonge. Sasa zilikuwa zinaondoka pamoja na kidonge. Alitaka kulisema, lakini alijua jinsi lingesikika masikioni mwa bibi. Na kulikuwa na sauti nyingine ndani yake, sauti aliyoionea haya, iliyomuuliza kwa nini ajisumbue. Mwili ulikuwa mzima. Watu walimheshimu. Angeweza kuwa mtu anayepigiwa makofi, badala ya mtu anayeficha kopo la vidonge kila mgeni anapoingia.

Jumamosi walivuka daraja wakafika kwa LaGamedze. Alikuwa mwanamke mnene mwenye nywele zilizosokotwa kwa udongo mwekundu na shanga nyeupe, na simu ndogo ikining'inia shingoni. Walivua viatu, wakaingia katika nyumba ya wahenga, wakaketi juu ya mkeka. Bibi alieleza yote kuhusu mto, nyoka na marehemu dada yake. Kuhusu vidonge hakusema neno.

LaGamedze alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema kwamba ndoto ni neno la mdomoni, na kwamba kwake huwajaribu watu kwa desturi inayojulikana. Angeficha kitu, na mwenye wito angekitaja kilipo. Alimvua bibi bangili yake ya shaba, akampa Tengetile, mwanafunzi wake aliyekuwa akifunzwa uganga, akamwagiza aifiche popote nje. Gcebile aligeuzwa akatazama ukuta.

Hakukusudia kuona. Lakini jua la asubuhi liliingia moja kwa moja kupitia mlango uliokuwa wazi nyuma yake, na juu ya ukuta ule aliona kivuli cha Tengetile kikivuka ua. Kivuli kilisimama karibu na kinu, kikainama, kikakiinua kidogo upande mmoja, kikakirudisha.

Ngoma ikapigwa kidogo. LaGamedze akamwambia aseme.

Neno moja tu, kinu, na yote yangekwisha. Jioni hiyo Siphofaneni nzima ingejua. Mancoba angepiga magoti bila mzaha. Bibi angelala kwa amani. Na kidonge kingebaki ndani ya sanduku la bati, mwaka mmoja au miwili, huku vile vilivyolazwa vikiamka kimyakimya ndani ya damu yake.

Aligeuka akawatazama.

"Bangili iko chini ya kinu," alisema. Bibi alishika kifua. Gcebile akaendelea kabla mtu hajasema. "Lakini sikuambiwa na mtu yeyote ndani yangu, Mama. Nimeona kivuli cha dada ukutani. Kama si jua, nisingejua kitu."

Tengetile aliutazama ukuta, akauziba mdomo wake kwa mkono. LaGamedze alimwangalia Gcebile, kisha akaanza kucheka taratibu mpaka shanga zake zikagongana.

"Watu wazima wameketi hapo ulipoketi wakanidanganya machoni," alisema. "Haya, msema kweli, niambie na hili. Ndoto zako zilianza lini?"

Gcebile alimtazama bibi. Bibi aliinamisha macho kwenye mkeka.

"Zilianza wiki niliyobadilishiwa vidonge vya kliniki," alijibu. "Na tangu Bibi alipovifungia, zinapungua."

LaGamedze aliacha kucheka. Alimgeukia LaMatsebula, na sauti yake haikuwa na ukali, bali ilikuwa ya mtu aliyechoka kusema jambo lilelile.

"Uliniletea mto na nyoka, ukaacha kidonge nyumbani. Ningetupaje mifupa juu ya nusu ya habari? Mimi kidonge hicho sikijui. Mwenye kukijua ni aliyekitoa. Mpeleke kwake, tena usingoje."

Njiani bibi alitangulia. Gcebile alitembea nyuma yake akitazama kisigino chake kikavu kikinyanyuka na kushuka. Walipofika darajani LaMatsebula alisimama, akashika ukingo, akayatazama maji. Kisha akasema, bila kugeuka, kwamba alimbeba dada yake mgongoni akiwa mwepesi kama mtoto, na kwamba tangu siku hiyo haogopi kitu kingine duniani ila kumbeba mwingine hivyo. Gcebile alimsogelea akamwambia kwamba yeye ni mzito, hambebeki. Bibi alitoa sauti ambayo ilikuwa karibu na kicheko. Jioni ile, kabla ya kuombwa, aliufungua ufunguo kwenye pindo akampa Gcebile. Hata hivyo waliafikiana wasubiri maneno ya nesi kliniki itakapofunguliwa asubuhi ya Jumatatu, ili wasikosee tena kwa kukisia.

Nesi Shongwe aliwapokea wote wawili chumbani, akamwomba bibi akae, safari hii asitoke. Hakumkatiza Gcebile hata mara moja. Aliposikia habari ya ndoto zenye rangi, kizunguzungu na usingizi darasani, aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesimuliwa habari za jirani anayemfahamu.

Alieleza kwamba mojawapo ya dawa tatu zilizomo katika kidonge kile huitwa efavirenzi. Dawa hiyo huingia hadi kwenye ubongo, na watu wengi wanaoianza huota ndoto kali au huhisi kizunguzungu. Ndiyo sababu humezwa wakati wa kulala, ili kizunguzungu kimkute mtu kitandani. Kwa wengi hali hiyo hupungua baada ya wiki chache. Kisha aliuliza Gcebile hula nini usiku. Bibi alijibu mwenyewe, kwa fahari iliyoanza kulegea: karanga, ngozi ya kuku, mafuta.

"Hapo ndipo penyewe, Bibi," nesi alisema. "Mafuta huifanya dawa hii iingie kwenye damu kwa wingi kuliko tulivyokusudia. Ulitaka kumlinda tumbo, kumbe kila usiku ulikuwa unamwongezea ndoto."

LaMatsebula alitazama mikono yake. Nesi Shongwe hakumwacha katika aibu hiyo. Alimwambia kwamba chakula kizuri kinahitajika, ila kiliwe mapema, jua linapotua, nacho kidonge kingoje mpaka saa ya kulala na kimezwe kwa maji tu. Aliuliza pia kuhusu dawa za mizizi, na bibi alipokiri, alimwomba asimpe mtoto mzizi wowote kabla ya kuutaja kliniki, kwa sababu mingine hugombana na vidonge, na dawa ya kutapisha huweza kukitoa kidonge kabla mwili haujakipokea. Kuhusu siku zilizorukwa alikuwa mkali zaidi. Alisema hata dawa inayosumbua haiachwi kwa uamuzi wa nyumbani. Mgonjwa huja, na kliniki humsaidia au humbadilishia. Alimtoa Gcebile damu ili ipimwe kama virusi vimeamka. Alimtaka Gcebile arudi mbio, bila kungoja tarehe, akiona vipele mwilini au macho ya njano, au akishikwa na huzuni nzito isiyo na sababu. Na kama ndoto hazingepungua, angempa mchanganyiko mwingine.

Bibi alikuwa na swali moja, na ilionekana kwamba alikuwa amelibeba tangu darajani.

"Na kama kweli wanamwita, mwanangu? Si kidonge, wao wenyewe?"

Nesi Shongwe aliiweka kalamu chini. "Sijui mambo ya wahenga wenu kuliko wewe, Bibi. Ninachojua ni kwamba wakimtaka, bora wamkute hai, mwenye nguvu, amemaliza shule. Wanaweza kungoja. Virusi havingoji."

Jioni ile, na kila jioni iliyofuata, walikula mapema. Mwanzoni bibi alihangaika, akikaa mbele ya jiko lililozimwa huku mjukuu wake akisoma, akijizuia kumpa hata kipande cha kiazi. Saa ya kulala ilipofika alileta kikombe cha maji mwenyewe, akasimama mpaka kidonge kikapita. Ndoto zilirudi, lakini hazikuwa na nguvu kama zamani, na kadiri wiki zilivyopita zilizidi kuwa ndoto za kawaida: mbuzi waliopotea, mtihani aliochelewa. Kizunguzungu kiliisha kabla ya ndoto hizo.

Shuleni Mancoba alisikitika kumpoteza mganga wake. Alimuuliza Gcebile kama ni kweli wahenga wamemwacha, naye akamjibu kwamba hawakuwahi kufika, ilikuwa ni dawa anayotumia inayosumbua usingizi. Mancoba aliuliza ni dawa ya nini. Gcebile alimwambia kwamba hilo ni lake na kliniki, na kwamba mkoba wake sasa ataubeba mwenyewe. Kwa Phetsile hakuficha. Walikaa nyuma ya maktaba wakazungumza kwa muda mrefu, na safari hii Phetsile hakumweleza hata kaka yake.

Majibu ya damu yalipokuja, Nesi Shongwe aliwaita ndani akawaonyesha: virusi vilikuwa bado vimelala. Bibi alitaka aelezwe mara mbili. Kisha alitoka nje, ambako walezi wengine walikuwa kwenye benchi na watoto wao wakisubiri zamu, na badala ya kupita akasimama mbele yao. Hakuna aliyemwomba aseme. Aliitengeneza kanga yake mabegani, akaanza.

"Nisikilizeni, mama zangu. Siku mtoto wangu alipobadilishiwa dawa, mimi nilisikia nusu ya maneno nikatoka hapa nikipiga soga. Nusu iliyobaki niliijaza mwenyewe, kwa mafuta na kwa hofu, na ilikuwa karibu inigharimu mtoto. Mkiingia humo ndani, kaeni mpaka mwisho. Dawa ikimsumbua mtoto, msiifiche na msiikatize, ileteni hapa na mseme yote, hata yale mnayoyaonea haya. Huyu alisema kweli pale ambapo uongo ungempa heshima. Ndiyo maana yuko hapa, anakwenda shule."

Mwanamke mmoja mwenye mtoto mapajani alisogea kwenye benchi, akampisha bibi nafasi. Aliuliza, kwa sauti ya chini, kama karanga nazo zina mafuta. LaMatsebula aliketi kando yake na kuanza kumweleza, huku Gcebile akirudi ndani kuchukua vidonge vyake vya mwezi.